Sakafu ya Mbao ya Baba Mkwe

Kilichonitoa nyumbani Migori mwaka huo, katikati ya miaka ya tisini, ni mkono wa baba mkwe. Bila mkono huo ningekuwa bado nimeketi barazani pangu pale Oruba, miguu ndani ya ndara, nikifungua redio za watu. Hiyo ndiyo kazi yangu na niliichagua kwa makusudi. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walikwenda Nairobi, Mombasa, hata Kampala. Mimi nilijifunza kutengeneza redio kwa sababu redio hubebwa na mwenyewe hadi mlangoni kwa fundi. Kwa miaka tisa ya ndoa sikuwa nimelala nje ya kitanda changu hata usiku mmoja. Mke wangu, Akinyi, huwaambia wageni kwamba ng'ombe wa mahari walipelekwa na ndugu zangu kwa kuwa bwana arusi aliogopa kulala ugenini. Si kweli. Nilikuwa na homa. Kidogo.

Sasa mkono. Kwetu Wajaluo, mzazi wa mke halali chini ya paa moja na mkwe wake. Atakuja, ataketi, atanywa chai, lakini jua likielekea kushuka sharti atafutiwe paa lingine. Hiyo ni heshima, na mkwe anayejua kazi yake hupanga mapema. Miaka miwili nyuma wakwe zangu walikuja kutusalimu, nami nikawapangia lojing moja hapo mjini ambayo sakafu yake ya simiti ilikuwa imepigwa rangi nyekundu na kusuguliwa mpaka mtu aliona meno yake humo. Mzee Elisha, baba mkwe, alitoka bafuni miguu mitupu, akateleza, akavunjika mkono wa kulia. Habari zilinikuta asubuhi kitandani pangu, nimejifunika hadi masikioni. Neno hilo, kwamba nilikuwa kitandani pangu, ndilo lililofika kwao kabla hata ya mkono wenyewe kufika.

Uzuri au ubaya ni kwamba Mzee Elisha si mtu wa kuanguka kimya kimya. Kwa miaka thelathini alikuwa fundi wa sakafu za mbao kule Kericho, katika nyumba za mameneja wa chai. Alitandika mbao hizo chumba baada ya chumba, na kwa maneno yake mwenyewe, hakuna mtu aliyewahi kuanguka juu ya kazi yake, hata wale waliorudi kutoka klabu hawaoni mlango. Aliapa hatalala tena juu ya simiti.

Halafu, baada ya miaka tisa ya kungoja na kuulizwa maswali na kila shangazi, Akinyi alijifungua mtoto wa kike, tukamwita Achieng'. Alikuwa na afya nzuri na mapafu mazuri zaidi. Mchana hakulala hata kidogo. Tulijaribu mgongoni, tulijaribu kumtembeza uani, mimi nilijaribu redio isiyoshika stesheni, ile sauti yake ya mvua. Alilala dakika nne, na mwenye redio akaja kuichukua.

Akinyi aliandika barua kwao, karibu na Mbita, akamwita mama yake aje amwone mjukuu. Jibu lilikuja kwa mwandiko wa baba yake, mistari mitatu. Mama yuko tayari. Mama hasafiri bila mimi. Kukiwa na chumba chenye sakafu ya mbao, tutakuja.

Majirani walisema huko ni kukataa kwa adabu. Akinyi hakusema hivyo. Alisema mtoto wa kwanza hufuatwa na nyanya yake, hapelekwi kama kifurushi cha omena, dagaa wa ziwani. Na kama mume wake hawezi kutafuta sakafu, basi yeye mwenyewe ataenda kwao akae mpaka Achieng' aote meno. Nikauliza, meno mawili ya mbele? Akasema meno yote. Nilimwendea muuguzi jirani nikajua kwamba meno yote huchukua zaidi ya miaka miwili. Siku hiyo nilivua ndara nikavaa viatu.

Jumatatu asubuhi, mjini Migori, nilianza na lojing ya kwanza karibu na stendi. Mwenyewe, Mkuria mmoja mnene mwenye sauti ya upole, aliniuliza mbao za nini, hapa kwani ni melini? Nikamweleza habari za mkono. Alinisikiliza vizuri, akanipeleka kwenye chumba chake bora, akafungua mlango kwa fahari. Ndani kulikuwa na kapeti ya plastiki iliyochorwa mistari ya mbao, na hata vile vifundo vya mti vilichorwa, kila kifundo sawa na mwenzake. Nikamwambia mzee ni fundi wa mbao, ataona tofauti.

"Basi usiwashe taa," akasema.

Nilipita lojing nyingine nne. Mbili zilikuwa nyekundu kama ile iliyomwangusha mzee, nami nilitembea humo nikishika ukuta. Moja ilikuwa ya simiti tupu yenye nyufa. Ya nne ilikuwa na mbao kweli, mbao ngumu nzuri, lakini zilikuwa ukumbini, na ukumbi ulikuwa wa dansi. Meneja alikuwa tayari kabisa kutusaidia. Angeweka kitanda hapo katikati, azungushe pazia, na Jumamosi bendi ingesogea kidogo upande wa ukuta. Nikamwambia wakwe zangu ni Wasabato. Akafikiri, akasema basi watasikiliza tu, si lazima wacheze.

Jioni hiyo jirani yangu Owuor, dereva wa lori la soda, alinikuta nimekaa barazani nikivitazama viatu vyangu kama maadui. Akasema Homa Bay kuna majumba ya zamani ya maduka ya Wahindi, na ghorofa za juu za majumba hayo ni za mbao. Nilimwambia Homa Bay ni mbali. Akinyi, aliyekuwa ndani na ambaye hakuulizwa, akajibu kwamba Homa Bay iko katikati ya Migori na kwao, na mama akifika katikati amekuja, yeye atahesabu hivyo.

Jumatano, saa moja asubuhi, nilipanda lori la soda. Nilibeba chupa ya chai, sweta, mswaki, bisibisi yangu ya kazi, na mto wa kulalia. Owuor aliutazama ule mto.

"Odera, tunarudi leo jioni."

Nikamwambia gari huharibika. Akasema miaka yote amewaendesha wagonjwa, makasisi na hata mbuzi, na hakuna aliyemletea matandiko.

Tulipofika Awendo harufu ya miwa ilikuwa imejaa hewani, ile harufu nzito ya sukari inayoungua, na matrekta ya miwa yalikuwa yamepanga foleni mpaka barabarani. Mimi niliyekuwa nimekaa juu, kwenye kiti cha mbele cha lori, niliona kwa mara ya kwanza kwamba nchi yetu ina vilima. Nilimwambia Owuor. Akasema ndiyo, vimekuwapo muda.

Rongo tulikunja kushoto tukaiacha barabara kuu. Chupa za soda zikaanza kugongana nyuma yetu kama watu wengi wanaonong'ona jambo moja, nami kwa mazoea ya kazi nikawa natega sikio nitambue kreti ipi imelegea. Nikaitambua. Owuor alisimama Rodi Kopany kunywa uji, akaenda nyuma kuangalia, akarudi akasema ni kweli, kreti ya tatu. Kuanzia hapo aliniheshimu kidogo, ila hakuacha kuucheka mto.

Saa nne na nusu, Homa Bay. Kwanza unakiona kilima cha Asego, kimechongoka, halafu ziwa linafunguka chini yake. Gugu la maji lilikuwa limeanza kufika miaka ile, likafunika ghuba pale ufukoni kwa kijani kizuri ambacho wavuvi hawakukipenda hata kidogo. Nilitaka kusimama nilitazame ziwa. Owuor akasema atashusha soda kwa saa tatu, na ziwa haliendi popote, nenda katafute sakafu yako.

Hoteli ya kwanza ilikuwa mpya, na kila mahali palikuwa na vigae vyeupe vinavyong'aa. Nilivitazama nikaona mkono wa kushoto wa baba mkwe nao unavunjika. Niliaga. Ya pili ilikuwa na mbao, lakini mhudumu mwenyewe alinionya niruke ubao wa tatu. Nilipouliza kwa nini, alinionyesha chini, na kupitia tundu nilimwona mtu akila samaki.

Ya tatu ilikuwa jengo la zamani la duka, lenye baraza mbele na ngazi pana ya mbao iliyolika katikati. Mwenyewe alikuwa mama wa makamo aliyetoka Karungu, na mji mzima ulimwita Nyakarungu. Alikuwa anachambua mchele. Nilimsalimu, nikamuuliza kama nyumba yake ina sakafu ya mbao, naye akaliweka sinia chini taratibu.

"Watu huniuliza maji moto," akasema. "Wengine chandarua, wengine kama mlango una komeo. Wewe ni wa kwanza kuulizia sakafu."

Nilimweleza habari za mkono, sasa nilikuwa nimezoea kuzieleza. Akanipeleka juu. Nilivua viatu mlangoni, kwa sababu nilitaka kuona kwa mguu kile atakachokiona mzee. Ilikuwa mbao kweli, mvule mweusi wa uzee, baridi yake ndogo, haitelezi. Nililala kifudifudi, nikaweka sikio, nikagonga kwa kidole huku na huku kama ninavyogonga redio. Ilikuwa nzima. Ubao mmoja tu, karibu na mlango, ulilia ulipokanyagwa. Krii, mguu ukishuka. Krii, ukiinuka.

"Huo ni askari wangu," alisema Nyakarungu akiwa amesimama juu yangu na mikono kiunoni. "Mgeni akimwingiza mtu ambaye hayumo kitabuni, namsikia nikiwa jikoni."

Nikamwambia nachukua, kuanzia Ijumaa ya wiki ijayo mpaka Jumapili. Tena nachukua vyumba viwili vinavyopakana, kimoja cha wakwe, kingine chetu sisi, mimi na mke na mtoto, ili Akinyi awe karibu na mama yake. Niliona mpango huo ni wa mtu mwenye akili nyingi. Nyakarungu aliinua macho kutoka kwenye kitabu cha wageni, akanitazama kwa muda. Nilidhani amevutiwa. Akaandika, akafunga kitabu.

Jioni ya siku hiyo nilikuwa kitandani pangu Oruba pamoja na mto wangu, nikijiona msafiri. Akinyi aliandika barua ya kuwaita. Mimi niliongeza mstari mmoja chini: Sakafu ni ya mvule, nimeikagua mwenyewe.

Ijumaa, saa tano mchana, tulifika Homa Bay mimi, Akinyi na Achieng', aliyelia kuanzia Rongo. Tuliweka mizigo vyumbani, tukashuka gatini kuwapokea wazee. Boti la injini kutoka Mbita lilikuwa limechelewa hadi alasiri likijisukuma katikati ya magugu, na watu wakilisukuma kwa makasia. Mzee Elisha alishuka kwanza, mrefu, fimbo mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa bado haumnyookei vizuri, na nilijitahidi nisiutazame. Nyuma yake alishuka maro, yaani mama mkwe, na kikapu chake. Huyo sisi hatumpi mkono. Nilisimama mbali kidogo, nikainamisha kichwa, nikasalimu kuelekea kwenye maji, naye akaitikia kuelekea kilimani. Halafu akampokea Achieng' kutoka kwa Akinyi, akamfunua uso. Machozi yalimtoka hapo hapo gatini, na mimi nikajua kwamba hata kama sakafu ingekuwa ya udongo, safari hii ilistahili.

Mzee alipanda ngazi ya hoteli polepole, akagonga kila kidato kwa fimbo. Juu alivua viatu bila kuambiwa. Akatembea kutoka ukuta hadi ukuta, akasimama, akainama, akapitisha ukucha kwenye kiungo cha mbao mbili. Akasema maneno mawili, "Kazi safi," kama mtu anayemsifu mwenzake aliyekwisha kufa. Nilipumua. Kisha akaukanyaga ule wa mlangoni. Krii. Akageuka akanitazama.

"Ora," akaniita, kama tunavyowaita wakwe zetu, "kesho kutwa nitahitaji nyundo." Kesho ilikuwa Sabato.

Wakati huo maro alikuwa amesimama kwenye mlango wa chumba cha pili. Alikuwa anatazama kitanda, na juu ya kitanda ulikuwa mto wangu. Mto unajulikana, Akinyi aliushona mwenyewe kwa kitambaa cha maua ya zambarau na kumwandikia mama yake habari za mume asiyelala bila mto wake. Maro alichukua kikapu chake, akageuka, akashuka ngazi.

Hapo baba mkwe akaniuliza, kwa sauti ya chini na ya upole sana, "Ora, wewe utalala wapi?"

Nikamwonyesha kwa fahari. Hapa hapa, baba, chumba cha pili, ukuta mmoja tu katikati.

Hakuna aliyecheka. Hilo ndilo lilikuwa baya. Akinyi, aliyedhani nimejitafutia paa langu kwingine, alifunga macho. Mimi nilitazama ukuta, ambao nao ulikuwa wa mbao, nikatazama juu, paa lilikuwa moja, mabati yake yalianzia huku yakaishia kule. Nilikuwa nimezunguka miji miwili, nimelala kifudifudi mbele ya mwanamke nisiyemjua, nikapanda lori na kutia chai kwenye chupa, yote kwa sababu mkwe halali chini ya paa moja na wakwe zake. Na nilipopata sakafu, nilijiandikisha kitanda chini ya paa hilo hilo, kwa mdomo wangu mwenyewe, kitabuni.

Nilishuka mbio. Maro alikuwa barazani akimuuliza Nyakarungu, kwa utulivu kabisa, boti la kurudi Mbita linaondoka saa ngapi. Nyakarungu akamwambia la mwisho limekwisha ondoka, na jua nalo si la kungojwa, Sabato inaingia. Kisha akanigeukia.

"Nilidhani nyinyi wa Migori mmebadilika," akasema. "Nikajiambia, labda kule mpakani siku hizi wanalala pamoja."

Nilimuuliza kama hakuna paa lingine. Akanionyesha stoo yake ng'ambo ya ua, kibanda cha mawe peke yake, chenye paa lake peke yake. Ndani kulikuwa na magunia ya makaa, nyavu kuukuu na godoro moja. Sakafu yake ilikuwa ya simiti. Nilikwenda juu kuuchukua mto wangu, nikapita nao mbele ya wote, nikavuka ua, nikauweka kule. Maro aliuona mto ukivuka. Alipanda ngazi tena, akaingia chumbani kwake. Akinyi na mtoto walibaki kile cha pili, hao hawana shida.

Jumamosi, alfajiri. Kulala nje ya kitanda changu kwa mara ya kwanza katika miaka tisa si jambo nitakalolielezea, isipokuwa niseme kwamba makaa huingia masikioni. Niliamka kabla ya wote nikitaka kunawa nisionekane. Umande ulikuwa umelowesha kizingiti cha simiti cha stoo, nami nilitoka miguu mitupu, beseni mkononi. Nilichokiona baadaye ni mawingu. Nilikuwa nimekaa chini uani kwa kishindo, beseni limenipita likaviringika hadi jikoni. Dirishani juu alikuwa amesimama Mzee Elisha, tayari amevaa tai ya kanisani.

Alinitazama. Mabega yake yakaanza kutikisika. Nilikuwa sijawahi kumsikia akicheka, na alicheka mpaka akashika fremu ya dirisha kwa mkono ule ule wa kulia.

"Sasa umeelewa, ora?" akauliza kutoka juu.

Nikajibu kwamba nimeelewa, baba. Na ndivyo tulivyomaliza mambo ya ule mkono. Hayajawahi kutajwa tena.

Mchana, baada ya kanisa, mimi na mzee tulikaa chini katika chumba cha kulia chakula. Maro alikuwa juu na mjukuu. Kwa kawaida yetu nisingeweza kwenda kuketi naye chumba kimoja nikamtazama akimlea mwanangu, na nilikuwa nimekwisha kukubali kwamba sehemu hiyo ya ziara nitaisikia kwa Akinyi. Saa nane ikafika, saa ya Achieng' ya kulia. Akaanza. Nilimwomba mzee radhi. Kisha juu ya vichwa vyetu nikasikia nyayo za miguu mitupu, polepole, zikienda dirishani na kurudi mlangoni. Zikifika mlangoni, krii. Kimya. Krii. Kisha zinakwenda dirishani tena.

Nilikuwa najua alipo kila hatua. Sasa amesimama. Sasa amegeuka, anamtazama. Sasa anayumba pale pale juu ya ule ubao, kulia, kushoto, krii, krii, krii, kama mtu anayekwangua kitu kidogo kwa subira. Kilio kikashuka. Kikawa malalamiko. Kikaisha. Akinyi akatoka mlangoni huko juu, akainama kwenye ngazi, akatuonyesha viganja viwili shavuni: amelala. Mchana. Nilitazama dari mpaka macho yakaniuma. Mzee naye alikuwa anatazama dari, ila yeye alikuwa amekunja uso.

"Msumari," akasema. "Msumari umelegea. Kesho."

Jumapili asubuhi, Sabato ikiwa imepita, Nyakarungu alileta nyundo, misumari na kipande cha sabuni, huku akinung'unika kwamba askari wake anafukuzwa kazi. Mzee alipiga magoti mlangoni. Mimi nilikuwa nimesimama kwenye ngazi nikishika misumari, kazi ambayo niliipokea kama cheo. Alinifundisha. Ubao haulii kwa uzee, ora, hulia kwa sababu unacheza juu ya msumari. Unausugua sabuni pembeni, unapiga msumari mpya wa mshazari karibu na ule wa zamani, na unanyamaza. Miaka thelathini, alisema, kazi yangu ilikuwa kunyamazisha. Akainua nyundo.

"Mzee." Ilikuwa sauti ya maro, kutoka ndani, nyuma ya mlango uliofunguliwa nusu. "Uache huo ubao."

Nyundo ikabaki hewani. Mzee akamwambia ubao ni mbovu.

"Ni mbovu, na umemlaza mtoto jana, na leo asubuhi umemlaza tena. Uache." Halafu akaongeza, bado akimwambia mumewe, lakini kwa sauti ya kufika hadi kwenye ngazi: "Na umwambie mkwe wako amtengenezee kama huo kule nyumbani. Nimesikia ana mikono. Nimeona pia ana mto."

Nyakarungu alikimbilia jikoni ili acheke vizuri. Mzee Elisha alibaki amepiga magoti, akiutazama ule ubao kama mtu aliyeombwa asaini barua ya kujikana. Mwisho aliweka nyundo chini. Akanivuta karibu, akaanza kuninong'oneza asije akasikiwa na mafundi wenzake huko waliko. Ubao mmoja wa mvule mkavu, urefu wa hatua tatu. Mihimili miwili tu chini, mmoja kila mwisho, katikati pabaki patupu ili ubonyee. Misumari usiimalizie, iache juu unene wa ukucha. Sabuni, usithubutu. Alinishika kidole changu gumba akanionyesha ule unene. Nilimuuliza kama ana hakika. Akasema kwa miaka thelathini amekwepa makosa hayo yote, kwa hiyo anayajua kwa majina.

Saa sita mchana, gatini, tuliagana. Maro alimrudisha Achieng' mikononi mwa Akinyi, akaingia botini, akasalimu kuelekea kilimani nami nikaitikia kuelekea kwenye maji. Mzee aliniambia sakafu ameikubali, na mwaka ujao watakuja tena, hapo hapo. Kisha akageuka nusu akaongeza kwamba nisisahau kujiandikia stoo mapema, isije ikachukuliwa.

Jioni hiyo, Oruba, nilivua viatu. Kabla ya wiki kuisha nilikuwa nimepata ubao wangu, na fundi seremala wa sokoni alikataa katakata kunipigilia misumari nusu, akisema watu watamcheka, nikaipigilia mwenyewe. Uko hapo sebuleni, juu ya simiti. Wateja hunishauri niutengeneze. Nilichojifunza safarini ni kwamba nyumba alimolala nyanya unaweza kurudi nayo kwako ikiwa utasikiliza imelia wapi. Na kwamba kabla ya kukagua sakafu, mtu atazame paa.

Kila siku saa nane namweka Achieng' begani, napanda ubaoni, natembea hatua tatu kwenda, hatua tatu kurudi. Akinyi akiulizwa niliko huwaambia wateja wangoje, baba yuko safarini.